Anayedai Shamba Lote Atuonyeshe Alipolima



Tuseme mwenzetu mmoja amepandikiza mwembe, ukashika vizuri. Kesho yake anasimama mkutanoni na kusema, "Kuanzia leo, yeyote atakayepandikiza mti wowote, uwe mchungwa au mparachichi, anilipe." Tutamjibu nini? Tutamwambia, "Mwembe tumeuona. Huo mparachichi umeupandikiza lini?" Sheria ya hataza nayo huuliza hivyo hivyo.

HATAZA NI NINI?

Ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa kawaida kwa miaka 20. Lakini si zawadi ya bure. Yeye anapata ulinzi, nasi tunapata ujuzi. Lazima aandike wazi jinsi ya kufanya kazi hiyo, hata fundi mwingine akisoma aweze kuifanya mwenyewe. Miaka ikiisha, ujuzi ni wa wote.

KESI YA NYANYA

Mwaka 1994, kampuni ya Calgene ya Marekani ilianza kuuza nyanya iitwayo Flavr Savr. Ndani ya kila mmea kuna jeni, yaani vipande vidogo sana vinavyobeba sifa zake. Wataalamu walizima jeni moja inayolainisha nyanya, ili isioze upesi.

Kampuni nyingine, Enzo Biochem, ikaishtaki Calgene. Ilisema ina hataza za njia hiyo ya kuzima jeni. Tena madai yake hayakuwa ya nyanya tu, yaligusa viumbe vya kila namna.

Mahakama ikayachunguza maandishi. Kumbe kazi iliyoonyeshwa ilikuwa ya jeni tatu tu, tena ndani ya bakteria mmoja, E. coli. Kutoka kwa bakteria mpaka kwa nyanya ni mbali! Aliyesoma maandishi yale angebaki kubahatisha. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba madai hayo ni batili: maelezo hayakutosha kufundisha yote yaliyodaiwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Mtu hawezi kudai zaidi ya alichofundisha.

2. Hataza si siri. Maelezo yake huandikwa ili watu wayasome.

3. Hapa Kenya pia, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inataka mwombaji aeleze uvumbuzi wake kwa uwazi na kwa ukamilifu.

Basi akija mtu kijijini na kusema mbegu fulani ni mali yake, tusiogope wala tusimfukuze. Tumwulize kwa heshima: hataza iko wapi? Inataja mmea gani? Imeeleza nini? Kisha tutafute mtu wa sheria atusomee kabla ya kutia sahihi au kulipa chochote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mvumbuzi alindwe?

2. Tutaumia vipi sisi wakulima, mtu mmoja akipewa haki juu ya mimea ambayo hakuigusa?

3. Katika kikundi chetu, nani anaweza kutusaidia kusoma karatasi kama hizo?