Mwanga Kwanza, Programu Baadaye: Mwongozo kwa Wahudumu wa Saiba na Wapiga Picha, Kibera na Kawangware

Mwongozo huu unawahusu wanaopiga picha za pasipoti na kunakili vyeti vya kupakiwa kwenye eCitizen, kuanzia Makina na Olympic hadi Kawangware 46. Kanuni ni moja: kinachoweza kurekebishwa kwa taa kirekebishwe kabla ya picha kupigwa. Namba ya kitambulisho ikishamezwa na mng'ao, hakuna programu itakayoirudisha, itabuni tu.

Lenzi nayo hukokotoa, kama programu. Hukusanya miale ya kila nukta ya uso na kuipeleka mahali pake kwa mkupuo mmoja, bila stima. Mwaka 1964, Anthony VanderLugt wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alionyesha kwamba lenzi, leza na chujio vinaweza kutambua umbo lililofichika ndani ya picha. Kibandani hatuna leza, ila kazi ya kuchuja tunaweza kuuachia mwanga.

Kazi inayosumbua zaidi ni uso mweusi mbele ya shuka jeupe. Kamera hukadiria mwanga wa picha nzima. Ikiona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na mteja hutoka kama kivuli. Gusa uso wake kwenye skrini ili kipimo kichukuliwe hapo. Kisha sogeza balbu. Ikitoka mita 2 hadi mita 1 kutoka usoni, uso hupata mwanga wa takriban mara 4, ilhali shuka lililo nyuma haliongezewi kiasi hicho. Kupandisha mwanga baadaye kwenye kompyuta huleta chengachenga mashavuni, na afisa wa dirishani hatakuuliza ulitumia programu gani.

Angalia pia kuta. Mabati yaliyopakwa kijani au samawati hutupa rangi hiyo kwenye shavu. Mkalishe mteja mbali nayo, au yafunike kwa kitambaa cheupe upande wa taa.

Kitambulisho chenye laminesheni kina dawa yake: mwale huruka kwa pembe ileile uliyojia. Zima flashi. Laza kadi juu ya karatasi nyeusi, shika simu juu yake ikiwa sambamba nayo, na taa iwe ubavuni kwa nyuzi 45, mng'ao uangukie upande wa pili. Waa likibaki, hamisha taa, si simu. Simu ikiinama, kadi hutoka imebetuka, na kuinyoosha kwa programu hupunguza makali ya herufi ndogo.

Michirizi ya kulala kwenye picha husababishwa na stima. Umeme wa Kenya ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100.

Stima ikipotea, toka nje, lakini si juani: saa sita mchana jua la Nairobi huwa karibu na utosi na hujaza giza kwenye macho. Simamisha mteja chini ya ukingo wa paa, uso ukielekea mahali peupe.

Baada ya kupakia, futa nakala mbele ya mteja, pamoja na ile iliyobaki kwenye WhatsApp na kwenye pipa la taka la kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na meza moja na skana.