Dondoo muhimu: Kwenda Musumba, panga safari kwa adabu za ikulu
Anayekwenda Musumba, wilayani Kapanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, asitafute ngome ya mawe. Zamani makao ya Mwaant Yav, mfalme wa Walunda, yalihamishwa mara kwa mara, hasa mtawala mpya aliposhika kiti, na kinga yake ilikuwa mahandaki na uzio. Kwa hiyo urithi wa Walunda umo zaidi katika watu na desturi kuliko katika magofu. Tangulia kujitambulisha kwa wasaidizi wa mfalme, vaa kwa heshima, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Wapo watakaosema mgeni anayelipa nauli hana haja ya itifaki. Lakini ikulu hii bado ina mwenyewe, si jumba la makumbusho. Paul Pogge, Mjerumani aliyefika 1875, naye alikuta mji wenye mtawala wake. Wengine wataogopa umbali kutoka mji wa Kolwezi, na hoja yao ina uzito: njia ya udongo huharibika wakati wa mvua. Basi nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ukiwa na gari imara, mafuta ya akiba na siku za ziada.