NIA YA ANAYETAKA KUWA DAKTARI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.



Kila mwaka, diploma za Serikali zikishatoka, wazazi hapa Kolwezi huketi na watoto wao na kuuliza: utasoma nini? Mara nyingi jirani amekwisha jibu: "Mpeleke udaktari, munganga hakosi franga." Leo tuipime kauli hiyo kwa mizani ya dini.

Kwanza, malipo ya tiba ni halali. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia, katika Sahih Bukhari, habari ya Masahaba waliofika kwa kabila lililowanyima ukarimu. Mkuu wa kabila hilo akaumwa na nge. Akasomewa Suratul Fatiha, akapona, nao wakapewa kondoo waliopatana. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa aliwakubalia, akataka naye awekewe fungu. Basi asikudanganye mtu kwamba daktari mwema ni yule anayelala njaa. Naye ana watoto, na mshahara wa Serikali ni mdogo tena huchelewa.

Pili, amali hupimwa kwa nia, na nia hupimwa siku isiyo na malipo. Kwetu siku hiyo haiko mbali. Juni 2019 udongo uliporomoka mgodini hapa Kolwezi, wachimbaji kiasi cha 40 wakafa. Anayefukuliwa chini ya udongo haji na fedha mfukoni. Wala mama anayeletwa usiku kwa pikipiki kujifungua. Aliyesomea franga ataangalia mfuko kwanza, kisha jeraha. Hapo ndipo mgonjwa hufia mlangoni, na mzazi huzuiliwa hospitalini na kichanga chake mpaka ukoo ulipe. Katika Suratul Maida, aya ya 32, Allah amefananisha kuokoa nafsi moja na kuokoa watu wote. Nani mwenye akili atauza thawabu hiyo?

Tatu, Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliuhesabu udaktari kuwa fardhi kifaya. Katika Ihya alilalamika kwamba miji mingi haina daktari Mwislamu, huku watu wakisongamana kwenye fiqhi, kwa kuwa wakati ule fiqhi ndiyo iliyoleta vyeo na mali. Zingatia jambo hili. Fedha ikihama, aliyeifuata huhama nayo. Leo akiiona hospitalini, atakuja. Kesho akiiona kwenye kobalti, wagonjwa atamwachia nani?

Nne, tazama mfano wa nchi yetu. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, ni mtoto wa mchungaji wa Kikristo, lakini haki husemwa. Utotoni alifuatana na babake kuwaombea wagonjwa, akaona kuwa pamoja na maombi wanahitaji dawa. Akasomea udaktari Burundi, kisha magonjwa ya akina mama huko Angers, Ufaransa. Angeweza kubaki Ulaya. Akarudi Lemera, Kivu Kusini. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Anayetafuta fedha tu asingerudi Lemera.

Basi wewe mzazi, kabla ya kumwandikisha mwanao, mpe bibi yake mgonjwa amhudumie: amgeuze, amwoshe, asafishe matapishi usiku. Ukiona daima anaona kinyaa na hasira, usimlazimishe. Kazi za halali ni nyingi, na umma unahitaji pia mwalimu na fundi.

Na wewe kijana uliyekwisha ingia kwa ajili ya fedha, usikate tamaa. Nia husahihishwa. Kulisha watoto wako kwa halali nako ni ibada. Kila asubuhi, kabla hujagusa mgonjwa, sema moyoni: huyu ni amana, nami nitaulizwa.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na uzitakase nia za wanaowatibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.