Jodari Salama, Kutoka Sokoni hadi Sahanini
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya zinazopika kwa eafraya

Kijitabu hiki ni cha nani

Kijitabu hiki ni cha kila anayenunua, anayehifadhi na anayepika samaki nyumbani: mama na baba wa familia, dada wa kazi, na kijana anayejipikia katika chumba cha kupanga. Kinaeleza chakula kimoja, yaani mnofu wa jodari, na chombo kimoja, kikaangio cha hewa, ambacho wengi wamezoea kukiita eafraya.

Jodari ni samaki mwenye faida kubwa mwilini. Gramu 100 za jodari mbichi wa mapezi ya njano zina protini takriban gramu 24, na mafuta yake hayafiki gramu 1. Ana pia vitamini B12 na madini ya seleniamu. Eafraya humwivisha bila kumzamisha katika mafuta, na bila kuijaza nyumba moshi wa kuni au mkaa. Ni mapishi mazuri na tunayapendekeza.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kila kaya inapaswa kulijua kabla ya kuwasha umeme. Jodari aliyeachwa kwenye joto baada ya kuvuliwa anaweza kuwa na sumu ambayo moto wa jiko lolote hauwezi kuiondoa. Kinachomlinda mlaji wa jodari kwanza ni barafu, kisha ndipo moto. Hilo ndilo somo kuu la kijitabu hiki.

1. Sumu isiyokufa kwa moto

Nyama ya jodari ina kiini cha protini kiitwacho histidini, tena kwa wingi. Samaki akiwa hai, histidini haina madhara. Akishakufa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye matamvua, utumbo na ngozi huingia katika nyama na kuigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ikizidi humdhuru mlaji. Viwango vya kimataifa vya chakula, vijulikanavyo kama Codex, vinataka samaki wa aina hii asizidi miligramu 200 za histamini kwa kila kilo ya nyama.

Bakteria wenyewe hufa jikoni, lakini histamini waliyokwisha kuitengeneza hubaki. Haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha, kuchoma, kukausha kwa moshi wala kugandisha. Ndimu, siki na chumvi haziiondoi. Wala huwezi kuitambua kwa macho, kwa kuwa mnofu wenye histamini nyingi unaweza kuwa na rangi ya kupendeza na harufu ya kawaida. Tena haienei sawasawa katika nyama, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kula samaki mmoja, mmoja akaugua na mwenzake asiugue.

Sehewa, vibua, nguru na dagaa wa baharini wana tabia hiyo hiyo. Katika joto la mwambao wetu, ambapo mchana mara nyingi hufika nyuzi 30 na zaidi, saa chache bila barafu zinatosha kumharibu samaki aliyevuliwa alfajiri.

2. Sokoni: ulizia barafu

Iwe unanunua Feri jijini Dar es Salaam, Darajani mjini Unguja, au kwa muuza samaki wa mtaani kwako, usiishie kuulizia bei. Uliza: amevuliwa lini? Ametiwa barafu tangu saa ngapi? Muuzaji anayejali wateja wake hachukii maswali hayo.

Kisha angalia:

- Samaki awe amezungukwa na barafu juu na chini. Aliyelazwa juu ya meza kavu huku jua linampiga, mwache.
- Akiwa mzima, macho yawe yanang'aa, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole.
- Akiwa amekatwa, mnofu uwe umeshikamana, usiteleze kwa ute wala kutoa shombo kali.
- Usidanganyike na wekundu peke yake. Minofu mingine hutiwa hewa ya kaboni monoksaidi, na hiyo huifanya ibaki nyekundu hata ikiwa imekaa muda mrefu.

Nenda sokoni na deli au mfuko mzito wenye barafu, na ununue samaki mwisho, baada ya mboga na nyanya. Safari ya daladala, matatu au bodaboda katika foleni ya jioni ni ndefu kwa jodari asiye na barafu.

3. Nyumbani: mtunze kwenye baridi

Ukifika, mwingize kwenye friji moja kwa moja. Friji iwe na nyuzi 4 au chini yake, na jodari apikwe siku hiyo au kesho yake. Ukitaka kumweka zaidi, mgandishe kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Umeme ukikatika, usifungue milango ovyo. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa muda wa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48. Jodari aliyepoteza baridi kwa zaidi ya saa 2 atupwe, hata kama bei yake inauma.

Kumyeyusha jodari aliyeganda, mweke juu ya sahani katika rafu ya chini ya friji usiku kucha. Usimwache juu ya meza wala kumtia katika maji ya moto. Kama amefungwa kwenye plastiki iliyoondolewa hewa, ichane kwanza kabla ya kumyeyusha, kwa sababu kuna bakteria hatari wanaostawi pasipo hewa.

Mtie viungo akiwa ndani ya friji, si juu ya kaunta. Tena mnuse kabla ya kumtia ndimu. Ndimu hukata shombo, na shombo ni mojawapo ya dalili chache ulizonazo za kukuonya kwamba samaki ameharibika.

4. Jikoni: namna ya kupika

Mahitaji kwa watu wanne:

- Minofu 4 ya jodari, kila mmoja gramu 110 hadi 120, unene wa sentimita 2.5 hivi
- Vijiko 2 vya chai vya mafuta ya kula
- Punje 2 za kitunguu saumu na kijiko 1 cha chai cha tangawizi, vyote vikiwa vimetwangwa
- Nusu kijiko cha chai cha pilipili manga
- Nusu kijiko cha chai cha chumvi
- Ndimu 1 ya kukamulia mezani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipimo hiki kinampa kila mlaji chini ya gramu 1. Kitunguu saumu na tangawizi ndivyo vitakavyoleta ladha.

Hatua:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Pangusa minofu kwa karatasi ya jikoni hadi ikauke. Mnofu uliolowa hutokota badala ya kupata rangi ya kahawia.
2. Changanya mafuta na viungo, upake pande zote, kisha urudishe minofu kwenye friji kwa dakika 20. Jodari hana mafuta mengi, hivyo utando huu mwembamba ndio unaomzuia asikauke.
3. Washa eafraya kwa nyuzi 200 na uiache ipate moto kwa dakika 3 hadi 5.
4. Panga minofu kwa safu moja, ukiacha nafasi kati ya mmoja na mwingine. Eafraya ina waya wa joto juu na feni inayozungusha hewa ya moto. Minofu ikirundikana hewa haipiti, na katikati hubaki mbichi.
5. Pika kwa dakika 4 hadi 5, geuza kwa koleo la mbao, kisha pika tena dakika 4 hadi 5. Mnofu mwembamba huiva mapema zaidi.
6. Chomeka kipimajoto katikati ya sehemu nene. Kikisoma nyuzi 63, jodari ameiva. Kama huna kipimajoto, bonyeza kwa uma: nyama iachane kwa vipande, na ndani isiwe na wekundu wa kung'aa.
7. Mpakue kwenye sahani safi. Sahani, ubao na kisu vilivyogusa samaki mbichi visiguse chakula kilichoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Katika baadhi ya hoteli jodari hupikwa juu juu akabaki mwekundu ndani. Nyumbani mpike aive kabisa, hasa kama kuna mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua.

Mpenzi wa samaki wa kupaka apike rojo la nazi na ukwaju kwenye sufuria pembeni, alimwagie mezani. Usimimine rojo ndani ya kikapu cha eafraya. Wali au muhogo, mchicha na kachumbari vitakamilisha mlo.

*Usalama wa chombo.* Chomeka eafraya kwenye soketi ya ukutani peke yake, si kwenye ekstensheni inayobeba pia friji na birika. Nyuma yake acha nafasi ya kutosha hewa kutoka, na iwe mbali na pazia. Usiiweke juu ya jiko la gesi, hata kama limezimwa. Osha kikapu kila baada ya kupika, kwa maana mafuta na mabaki ya samaki huungua na kutoa moshi mara inayofuata. Tumia vifaa vya mbao au silikoni, kwa sababu chuma hukwangua utando wa kikapu. Kuhusu gharama, eafraya ya wati 1,500 ikifanya kazi kwa dakika 15 haimalizi nusu uniti ya umeme.

5. Nani ale kiasi gani

Jodari ni samaki mkubwa anayekula samaki wengine, kwa hiyo hukusanya zebaki mwilini. Zebaki hutoka katika uchomaji wa makaa ya mawe na uchenjuaji wa dhahabu wa wachimbaji wadogo, ikafika baharini, na huko vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia katika nyama ya samaki. Ikizidi, hudhuru ubongo wa mtoto, hasa akiwa bado tumboni. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Jodari wa kawaida hana zebaki ya kiwango kile. Anahitaji kuliwa kwa kipimo tu.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inatoa mwongozo huu kwa jodari wa mapezi ya njano:

- Mjamzito, anayetarajia kupata mimba na anayenyonyesha: mlo mmoja wa gramu 113 hivi kwa wiki, na wiki hiyo asile samaki wengine wenye zebaki ya wastani kama yeye.
- Mtoto wa miaka 1 hadi 3: gramu 28 kwa mlo. Miaka 4 hadi 7: gramu 57. Miaka 8 hadi 10: gramu 85. Kuanzia miaka 11: gramu 113.
- Jodari wa macho makubwa ana zebaki nyingi zaidi. Wajawazito na watoto wasimle.

Hili lisimfanye mjamzito akimbie samaki wote. Dagaa wana zebaki kidogo sana, na mtoto aliye tumboni anahitaji virutubisho vya samaki.

*Tahadhari kwa wanaotumia isoniazidi.* Dawa hii hutumika kutibu na kuzuia kifua kikuu. Huzuia kimeng'enya kinachovunja histamini mwilini, kwa hiyo hata kiasi kidogo cha histamini kinaweza kumsumbua anayeitumia. Usiache dawa. Acha jodari na jamii yake hadi umalize dozi, na uzungumze na mhudumu wa afya.

6. Mtu akiugua baada ya kula

Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa chache: mdomo kuwasha kama umeguswa na pilipili, uso na shingo kuwaka moto, vipele vya kuwasha, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, kuharisha. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu wa uso hauonekani kirahisi. Muulize kama anahisi joto usoni.

Fanya hivi:

- Wote waache kula samaki huyo mara moja.
- Mpeleke mgonjwa kituo cha afya na useme wazi kwamba amekula jodari. Dalili hufanana sana na mzio, na dawa za kupunguza nguvu ya histamini humsaidia. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili.
- Akipumua kwa shida, akivimba ulimi au midomo, au akizirai, hiyo ni dharura. Usisubiri.
- Funga kipande kilichobaki, kiweke kwenye friji, na umjulishe afisa afya wa eneo lako ili wengine waliouziwa samaki huyo wakingwe.

7. Kiporo

Jodari aliyepikwa asikae mezani zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, isizidi saa 1. Bakteria wa mikononi na vyomboni wanaweza kuanza upya kutengeneza histamini katika samaki aliyekwisha kuiva. Mweke kwenye friji na mtoto asifungiwe jodari wa kupeleka shule bila barafu. Ukipasha, nyama ifike nyuzi 74 katikati.

Bandika hii kwenye mlango wa friji

1. Hakuna barafu, usinunue jodari.
2. Sokoni hadi nyumbani: deli lenye barafu.
3. Friji nyuzi 4. Apikwe leo au kesho.
4. Mnuse kwanza, ndimu baadaye.
5. Safu moja, nyuzi 200, geuza katikati, ndani nyuzi 63.
6. Mjamzito na mtoto: kwa kipimo.
7. Mdomo ukiwasha, acha kula.

Siku ambayo jodari wa barafu hakupatikana, nunua changu au samaki mwingine wa miambani. Nyama yake haina histidini nyingi kama ya jodari, ingawa naye anahitaji barafu na moto wa kutosha. Kila mteja anayemwacha jodari asiye na barafu mezani kwa muuzaji anamlinda wa nyumbani kwake, na anampa muuzaji sababu ya kuja na barafu kesho.