Kwa Nini Mfereji Hukohoa Kabla ya Maji Kurudi

Maji yakikatika kwa siku mbili kisha yarudi, mfereji hukohoa kwanza. Hutoa upepo, hutema matone, halafu maji ya rangi ya chai. Wengi husema ni kutu tu. Pengine ni kutu kweli, lakini ipo sababu nyingine, na hiyo inahusu afya ya kila boma lililo kwenye njia ya bomba.

Vali, ambayo wengi huiita koki, ni mlango ndani ya bomba. Ipo inayofungwa kwa mkono na ipo inayojifunga yenyewe. Injini ya lori huingiza hewa na kutoa moshi kwa milango ya namna hiyo, na mtungi wa gesi jikoni una mmoja shingoni. Katika maji ya mteremko, milango hii ndiyo inayoamua kama bomba litadumu.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mji wa Bungoma karibu 1,400. Kila mita 10 za kimo cha maji huongeza msukumo wa takriban baa 1. Bomba moja lisilokatizwa kutoka kimo cha Kitale hadi cha Bungoma lingebeba baa 50 mwishoni, ilhali mabomba ya plastiki yanayozikwa mashambani kwa kawaida huhimili baa 6, 10 au 16, kulingana na daraja lake. Kwa hiyo bomba la mteremko mkali, kama ule wa Mlima Elgon, huwekewa matangi madogo njiani. Maji huingia tangini, nguvu yake huishia hapo, kisha huanza safari upya. Penye kuingilia hukaa koki ya boya, sawa na ile ya tangi la choo. Boya likitoboka, maji humwagika usiku kucha.

Palipo na kilima, hewa hujikusanya juu ya bomba na kuzuia maji kupita. Hapo hufungwa vali ya hewa, ndani ya kisanduku cha saruji. Ina tufe linaloelea: bomba likiwa na hewa, tufe hukaa chini na tundu huwa wazi, maji yakifika, tufe huinuka na kuziba. Bomba likianza kukauka, tufe huanguka na hewa huingia. Bila hewa hiyo, bomba jembamba la plastiki laweza kunywea kama chupa iliyofyonzwa.

Vali hii huharibiwa mara nyingi, maana aliye karibu nayo huona njia fupi ya kunywesha ng'ombe. Ikivunjwa, kisanduku hugeuka kidimbwi cha tope na kinyesi. Maji yanapokatwa, bomba halivuti hewa tena, linavuta kidimbwi. Yakirudi, uchafu huo hushuka hadi kwa watu ambao hawajawahi kuiona vali yenyewe. Homa ya matumbo na kipindupindu husafiri kwa njia hiyo. Klorini iliyotiwa kwenye mtambo wa kusafisha haikupimwa kwa mzigo wa namna hiyo.

Nyumbani hatari ni ileile. Mpira ulioachwa umezama katika pipa la dawa ya kupe waweza kurudisha dawa hiyo bombani pindi msukumo unapoanguka. Vali ya kuzuia maji kurudi, ikifungwa karibu na mita, huyaruhusu kwenda upande mmoja tu.

Mitaani, bomba kuu huishia kwenye kipande chenye matawi, ambacho mafundi, wa magari pia, hukiita manifoldi. Kila tawi lina mita na koki yake. Fundi akitengeneza nyumba moja hufunga tawi moja, na mtaa mzima haukauki. Bomba lisilokauka halivuti kitu.

Koki kubwa hufunguliwa na kufungwa polepole, mzunguko kwa mzunguko. Maji yaendayo mita 1 kwa sekunde katika bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, yaweza kuongeza msukumo wa baa 10 hivi.

Maji ya kwanza baada ya kukatika yaachwe yatiririke hadi yawe meupe, nayo yatumike kwa bustani. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, hata yakionekana safi. Mkazi anayeona kisanduku cha vali kimejaa maji, au kifuniko hakipo, aarifu ofisi ya maji iliyo karibu kabla maji hayajakatwa tena.