Unataka Kushuti Kilifi? Mjue Mwenye Mahali Kabla ya Kutuma Pesa

Kaunti ya Kilifi ina karibu kila kitu ambacho kamera inatafuta. Kuna magofu ya mawe Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, korongo jekundu la Marafa, mikoko ya Mida, mitaa ya zamani ya Malindi na bahari isiyoisha. Ndiyo maana kila likizo tunaona vikundi vya vijana wakiteremka kutoka Nairobi na Mombasa na kamera, kwenda kupiga video ya muziki, tangazo la biashara au filamu fupi.

Shida huanza pale mtu anapouliza, "Tunalipa nani?"

Hapo ndipo pesa hupotea. Kuna anayemlipa kijana wa ufuoni, halafu afisa anakuja na kusimamisha kazi. Kuna anayetumia namba aliyopewa WhatsApp na mtu asiyemjua. Wengine wamelipa kweli, lakini hawana risiti, na mlangoni hakuna anayetaka kusikia hadithi yao.

Somo la leo ni moja tu: kila mahali pana mwenyewe, na kila mwenyewe ana njia yake halali ya kulipwa. Ukijua hayo mawili kabla ya kubonyeza "Tuma", safari yako imeokoka nusu.

Kwanza, chora ramani ya wenyewe

Watu wengi wakikagua sehemu huangalia uzuri peke yake. Wewe chukua daftari, chora safu mbili: mahali, na anayepasimamia. Kwa Kilifi, orodha inaweza kuanza hivi.

*Magofu ya Gede, Mnarani na nguzo ya Vasco da Gama, Malindi.* Haya yako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, NMK. Gede si magofu ya kawaida: mwaka 2024 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tiketi ya mgeni kuingia na kutembea si kibali cha kurekodi filamu. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

*Mbuga za baharini za Malindi na Watamu.* Hizi ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na zimelindwa tangu mwaka 1968. Mida Creek nayo imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Kwa hiyo hata kama mwenye mashua amekubali kuwabeba, hana mamlaka ya kuwapa ruhusa ya kurekodi ndani ya hifadhi.

*Arabuko-Sokoke.* Huu ni msitu wa serikali. Anza na Huduma ya Misitu, KFS, ambayo hushirikiana na KWS na taasisi nyingine kuusimamia. Uliza mapema ni ofisi gani itakayokuandikia barua.

*Marafa.* Wenyeji huliita korongo hili Nyari. Hapa usiruke jamii. Onana na wazee na wanaopokea wageni, kisha thibitisha na ofisi ya kaunti utaratibu wa malipo ulivyo.

*Kaya za Wamijikenda.* Misitu ya kaya ni mahali patakatifu, na kadhaa kati yake ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2008. Wazee wa kaya ndio wenye neno. Kuna sehemu hawatakuruhusu uingie na kamera, na hakuna kiasi cha pesa kitakachobadilisha hilo. Heshimu, tafuta mahali pengine.

*Bandari za wavuvi.* Ukitaka madau, nyavu na samaki wakishushwa, muulize mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU. Hao ndio wanaojua nani anaingia na nani anatoka.

*Nyumba, hoteli na shamba la mtu.* Hapa mwenyewe ni mwenyewe. Lakini hakikisha unayeongea naye ni mwenye mali au ana barua kutoka kwake. Mlinzi wa lango si mwenye nyumba, hata akiwa na funguo zote.

Kagua kwa saa, si kwa macho tu

Nenda sehemu ile saa ile ile utakayorekodi. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini na kuzama nyuma yako, upande wa bara. Ukitaka jua likizama juu ya maji, tafuta hori kama Mida au Kilifi, ambako unaweza kusimama upande wa mashariki na maji yakawa mbele yako. Panga mapema, kwa sababu huku kwetu jioni haichelewi.

Halafu kuna maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti huwa kubwa zaidi. Ule ufuo mpana uliouona Jumamosi asubuhi unaweza kuwa umefunikwa Jumatano saa hiyo hiyo. Muulize mvuvi, atakuambia bila hata kuangalia simu.

Usisahau upepo. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na maikrofoni bila kinga haitakuletea kitu isipokuwa kelele. Mvua za masika nazo huanguka zaidi Aprili na Mei. Kila siku inayoharibika ni chakula, usafiri na malazi mnayolipa tena.

Vibali: anza juu, shuka chini

Mpangilio unaofanya kazi ni huu.

1. *Leseni ya kurekodi filamu.* Hii hutolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Tayarisha maelezo ya hadithi au skripti, orodha ya sehemu, tarehe na majina ya timu. Kampuni ya nje ya nchi hupitia kwa wakala wa filamu aliyesajiliwa hapa Kenya. Usichanganye KFCB na Tume ya Filamu ya Kenya, KFC. Tume kazi yake ni kukuza sekta, na ni mahali pazuri pa kuuliza maswali.

2. *Kibali cha msimamizi wa mahali.* Hapa ndipo ile ramani yako inafanya kazi: NMK, KWS, KFS, au mwenye mali.

3. *Kaunti na usalama.* Uliza ofisi ya kaunti ya sehemu hiyo kama kuna ada, hasa ukitaka kufunga barabara, kutumia soko au kuweka jenereta. Peleka nakala ya vibali kwa chifu na kituo cha polisi kilicho karibu. Ukiwa na eneo la bunduki ya bandia au moshi, hii si hiari.

4. *Droni.* Ni lazima isajiliwe na kuruhusiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Kumbuka uwanja wa ndege wa Malindi uko pembeni tu mwa mji, kwa hivyo usidhani anga ni yako. Ndani ya hifadhi, utahitaji pia ruhusa ya KWS.

Anza wiki kadhaa kabla. Anayeomba kibali siku mbili kabla ya kazi ndiye huishia mikononi mwa mtu anayesema, "Mimi naweza kukusaidia haraka."

Sasa tuongee pesa

Huduma nyingi za serikali ya kitaifa siku hizi hulipiwa kupitia eCitizen, kwa Paybill 222222. Unatuma ombi, mfumo unakupa namba ya akaunti ya malipo hayo, unalipa, risiti inaingia. Namba ya akaunti inatoka kwenye ombi lako mwenyewe. Haitoki kwa mtu kwa SMS.

Ada za kaunti zina njia yake tofauti. Omba bili yenye jina la kaunti, kiasi na namba ya malipo, kisha uliza ofisini kama ndiyo sahihi.

Kabla ya kulipa yeyote, fanya haya:

- Soma jina linalotokea kabla ya malipo kukamilika. Ukiambiwa unalipa ofisi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo hapo.
- Usikubali kusikia "Paybill iko down, tuma kwa hii laini yangu." Mtandao ukirudi, utalipa. Ofisi haihami.
- Kwa mwenye nyumba au hoteli, lipa malipo ya awali kwanza, salio siku ya kazi. Andikeni kwenye karatasi mmekubaliana nini: saa, vyumba, umeme, na nini kitatokea mvua ikinyesha.
- Tumia Till ya biashara pale ilipo. Kwa BMU au kikundi cha kijiji, omba namba ya kikundi, na mwekahazina pamoja na mwenyekiti wajue kiasi kilicholipwa.
- Angalia kikomo cha laini yako. Kwa kawaida ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Kama malipo yako ni makubwa, usingoje asubuhi ya kazi ndipo ugundue.
- Hifadhi SMS zote, na piga picha ya skrini. Weka kila risiti pamoja na kibali chake, kwenye simu na kwenye karatasi. Huko msituni mtandao unaweza kukuacha.

Walipe watu kama watu

Hapa ndipo jina zuri hujengwa au kuharibika. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilirekodiwa Kibera na pia Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na baadaye watayarishaji wakaanzisha mfuko wa kusaidia jamii za sehemu hizo mbili. Wewe huhitaji bajeti kama yao. Unahitaji tu kumlipa mama wa mahamri aliyekaa kwenye picha saa tatu bila kuuza chochote.

Tuseme, kwa mfano, una watu kumi wa kuonekana kwenye picha, na mmekubaliana Sh1,500 kila mmoja. Ukimtumia mtu mmoja Sh15,000 "awagawie", jioni kuna wawili watakaosema hawakuona kitu, na hutakuwa na jibu. Tuma kwa kila mtu kwenye namba yake. Ukiwa na akaunti ya biashara, unaweza kulipa wote kwa mkupuo mmoja na ukabaki na orodha kamili ya nani alipokea nini na saa ngapi.

Na ile ya kutoa? Kama mlikubaliana Sh1,500 mkononi, ongeza pesa ya kutolea. Kwako ni shilingi chache. Kwake ni tofauti kati ya alichoahidiwa na alichopata.

Pamoja na pesa, pata idhini kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda picha ya mtu. Mwaka 2023, ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya burudani Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi. Isomeni fomu pamoja, kwa Kiswahili au Kigiriama, kabla ya kalamu kushikwa.

Ikitokea umetuma mahali pasipofaa

Usimpigie aliyekuhadaa kumbembeleza, maana unampa muda wa kutoa pesa. Omba muamala urudishwe mara moja kupitia menyu au huduma kwa wateja, ukiwa na namba ya muamala. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Kisha piga ripoti polisi, chukua namba ya OB, na uiarifu ofisi ambayo jina lake limetumiwa, ili wengine wasinaswe.

Orodha ya usiku wa kuamkia kazi

Leseni ya KFCB ipo? Kibali cha kila mahali kipo? Polisi na chifu wanajua? Droni ina ruhusa? Maji yatajaa saa ngapi? Fomu za idhini zimechapishwa? Namba za watu wote zimehakikishwa kwa jina? Laini ina salio la kutosha, pamoja na ada za kutuma na za kutolea?

Kama yote yana jibu, lala. Asubuhi afisa akiuliza, "Mmelipa wapi?", mtamwonyesha risiti, naye atawafungulia lango mapema, jua likiwa bado halijapanda.