Pumzi Ndogo kwa Mapafu Yaliyojeruhiwa

Daktari wa wagonjwa mahututi anajibu maswali ya ndugu wa wagonjwa na ya wauguzi.

Daktari, baba yetu alilazwa kwa nimonia. Siku ya tatu tukaambiwa mapafu yamejaa maji na amewekewa mashine ya kupumulia. Maji hayo yametoka wapi?

Poleni sana. Yamevuja kutoka kwenye damu yake mwenyewe. Ukuta unaotenganisha mishipa midogo ya damu na vifuko vya hewa ni mwembamba mno. Maambukizi yakiwa makali ukuta huo hulegea, majimaji hupenya, vifuko vingine hujaa na vingine husinyaa. Nimonia ndiyo chanzo kikubwa, lakini maambukizi yaliyoenea katika damu, kupaliwa na matapishi, ajali mbaya au kuvimba kwa kongosho huleta hali ileile. Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 12 wa namna hii. Siku hizi hospitalini tunaiita ARDS.

Basi mashine itamponya?

Hapana. Mashine inampumulia tu wakati antibiotiki na mwili wake vinapambana na maradhi. Na ikitegeshwa vibaya, hiyohiyo mashine inaweza kuyaumiza mapafu zaidi. Ndiyo maana naomba ndugu waulize jinsi ilivyotegeshwa, si kuuliza tu kama ipo.

Mimi ni muuguzi wa ICU. Mgonjwa wangu, mama wa kilo 90, ameandikiwa pumzi ya mililita 290 tu. Hatakosa hewa?

Aliyeandika hivyo amefanya vizuri. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida kutoa mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ili vipimo vya damu vipendeze. Kisha picha za CT zikaonyesha jambo ambalo Luciano Gattinoni na wenzake wa Italia walilieleza miaka ya 1980: sehemu ya mapafu inayoendelea kupokea hewa inaweza kuwa ndogo kama mapafu ya mtoto. Pumzi ya mtu mzima ikisukumwa humo, sehemu iliyosalimika inavutwa kupita kiasi, inachanika, inavimba, na kemikali za uvimbe huo huweza kuingia katika damu na kudhuru viungo vingine.

Uthibitisho mkubwa ulitoka mwaka 2000 katika utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa mililita 12 kwa kilo, jingine 6. Waliofariki katika kundi la pumzi kubwa walikuwa karibu asilimia 40. Katika kundi la pumzi ndogo, asilimia 31. Hakuna dawa mpya iliyotumika hapo. Walipunguza pumzi na shinikizo lake, basi.

Sasa angalia kilo zenyewe. Hatutumii uzito wa mizani, kwa sababu mapafu hayanenepi mtu anaponenepa, tunatumia urefu. Chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, kisha ongeza 45.5 kwa mwanamke au 50 kwa mwanamume. Mama wa sentimita 155 anapata kilo 48, hata kama mizani inasema 90. Zidisha kwa 6: mililita 290 hivi. Wanawake wafupi ndio wanaodhulumiwa zaidi tukikadiria kwa macho. Ukitegesha mililita 500 kwa kila anayeingia, huyu mama umempa zaidi ya 10 kwa kilo. Kila ICU iwe na tepu ya kupimia, hata ile ya fundi cherehani, na itumike siku mgonjwa anapopokelewa. Nalisema hili kwa uchungu, maana ni kitu cha bei ndogo na bado hukosekana.

Ukishategesha, pima shinikizo. Simamisha pumzi kwa nusu sekunde hivi baada ya hewa kuingia, usome: lisizidi sentimita 30 za maji. Likizidi, shuka hadi mililita 5, hata 4 kwa kilo. Hewa ya ukaa itapanda katika damu. Ongeza idadi ya pumzi, hadi 35 kwa dakika ikibidi, na kiasi kinachobaki tunakivumilia mradi asidi isizidi mno. Mgonjwa aliyeumia ubongo ni habari nyingine. Huyo usimwache hewa ya ukaa ipande.

Kioo kinaonyesha oksijeni 91. Kwa nini hamuipandishi mpaka 100?

Kwa mgonjwa wa ARDS, kati ya 88 na 95 inatutosha. Katika utafiti ule wa mwaka 2000, siku za mwanzo waliopewa pumzi kubwa walikuwa na oksijeni nzuri zaidi katika damu, na bado ndio waliokufa kwa wingi. Namba nzuri kwenye kioo inaweza kuficha mapafu yanayoharibika. Tunaloweza kufanya ni kubakiza shinikizo kidogo mapafuni mwisho wa kutoa pumzi ili vifuko visijifunge kabisa. Tunaanzia sentimita 5 na kupanda taratibu tukiangalia presha ya damu, kwa sababu shinikizo hilo likizidi linabana damu inayorudi kwenye moyo.

Tulimkuta mgonjwa wetu amelazwa kifudifudi. Tulishtuka.

Mna haki ya kushtuka, na mlipaswa kuelezwa mapema. Akilala chali, moyo na uzito wa mapafu yenyewe hukandamiza sehemu ya mgongoni. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka na hewa hugawanyika kwa usawa zaidi. Utafiti wa PROSEVA, uliofanywa Ufaransa na Hispania na kutolewa mwaka 2013, ulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16 kwa wagonjwa wa hali mbaya waliolazwa hivyo angalau saa 16 kila mara. Haihitaji mtambo, ila inahitaji watu: mmoja ashike kichwa na mpira wa kupumulia, wengine wamgeuze kwa pamoja, na muuguzi alinde macho, uso na magoti yasipate vidonda.

Hospitali yetu ya wilaya haina kipimo cha gesi za damu. Tutamtambuaje mgonjwa wa ARDS?

Jibu lilitoka jirani, Kigali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, hakuna mgonjwa hata mmoja wa hospitali kuu ya chuo kikuu pale ambaye angetambuliwa kwa vigezo vya Berlin vya 2012, kwa kuwa vilidai vipimo na mashine ambazo wengi hawakuzipata. Watafiti walipotumia kipimo cha kidoleni na ultrasaundi, waliwapata 42, na nusu yao walifariki. Gawanya namba ya kidoleni kwa kiwango cha oksijeni anayovuta: 92 kwa 0.4 ni 230. Ikiwa 315 au chini, na mapafu yote mawili yana dalili bila moyo kuwa chanzo, mshuku ARDS. Namba ya kidoleni isizidi 97 unapopiga hesabu. Vigezo vipya vya kimataifa vimeukubali utaratibu huu.

Atatolewa lini kwenye mashine?

Kila asubuhi tunapunguza dawa za usingizi na, hali ikiruhusu, tunamjaribu apumue mwenyewe kwa nusu saa. Akimudu, akakohoa vizuri na kufuata maelekezo, tunatoa mpira. Atakuwa dhaifu wa misuli, na anaweza kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa. Njooni mzungumze naye kwa majina anayoyajua, na mleteni kliniki hata akionekana amepona.